Uzi Mwekundu, Toroli la Kushoto

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, juu kidogo ya pale ambapo mvuke huanza kula karatasi. Aliyelibandika alijua anachokifanya. Wakubwa wakitaka neno lao lisomeke hulipandisha juu, na wakitaka neno lako lisahaulike hukwambia uliache mezani.

Tangazo lilisema kampuni mpya imechukua huduma zote za hospitali, kuanzia jikoni hadi kwenye mashuka. Kila mfanyakazi atahojiwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kujieleza, nafasi yake itajazwa na mwingine.

Mzee Povu alilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Jina hilo alipewa na wenzake, nusu kwa ajili ya sabuni aliyoshinda nayo mikononi, nusu kwa ajili ya mdomo wake, maana akianza kuwasema wakubwa hakuna bomba lililomfikia kwa kutoa. Shule aliiacha kabla kichwa chake hakijafika dirisha la darasa. Kusoma alijua, kuandika kwa shida, na Kiingereza alikijua kama mtu anavyoijua nyumba ya tajiri: kwa kuipita nje.

"Kwani mashuka nayo yanajua Kiingereza?" aliuliza.

"Yatakosaje kujua?" alijibu mkunjaji, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja nguo zilizokauka na kuzipeleka wodini. "Yanasikiliza madaktari kila siku. Humu ndani bubu ni wewe peke yako, Povu."

Siku nyingine angemjibu. Siku hiyo alilirudia tangazo kutoka mstari wa kwanza. Kazi ile ilikuja na chumba, chumba kimoja nyuma ya hospitali, na kazi ikiondoka chumba kinaondoka nayo. Nyuma ya mlango wa chumba hicho lilikuwa linaning'inia gauni la marehemu mkewe, kwenye msumari alioupigilia marehemu mwenyewe kwa kisigino cha kiatu. Mzee Povu hakuwa ameligusa tangu msiba. Kila alipofikiri kwamba mtu mwingine atafungua mlango ule na kuliondoa gauni kwa ncha ya vidole, alirudi kuhakikisha kwamba mlango umefungwa.

Mkewe aliingia hospitali hiyohiyo na mguu uliovunjika. Mfupa ulianza kuunga. Kilichomuua ni maradhi aliyoyakuta wodini, ambayo hakuja nayo. Wakubwa walisema ni bahati mbaya. Bahati gani? Bahati haina mikono. Mahali fulani, mkono wa mtu ulikuwa umechanganya kitu ambacho hakikupaswa kuchanganywa, na mkono huo Mzee Povu aliutafuta juu, kwenye ofisi zenye mapazia, kwa yule aliyepunguza sabuni na kwa yule aliyekataa kuleta dawa. Hakuwahi kuutafuta chini. Chini alikuwepo yeye.

Basi alimwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akikaa mapokezi na kuwasalimia wageni kwa Kiingereza siku nzima.

"Leo ndiyo umenikumbuka?" shemeji alisema, mikono kiunoni. "Sukari inapokuisha hunijui, ila Kiingereza kikikukaba koo, ooh, shemeji yangu!"

"Usinicheke. Roho iko juu."

"Sicheki. Nafurahi tu kukuona umenyamaza kidogo. Haya, niambie unafanya kazi gani. Kwa Kiingereza."

Mzee Povu alikohoa. Alilipata neno la shuka. Alilipata neno la kufua. Katikati kulikuwa na shimo, akalitazama shimo hilo hadi jasho likamtoka.

"Tatizo lako," shemeji alisema, akivuta kiti karibu, "unayakimbiza maneno mojamoja kama kuku. Kiingereza hakikamatwi hivyo. Kule neno lina mwenzake. 'Wait' yuko na 'for'. 'Listen' yuko na 'to'. 'Depend' yuko na 'on'. Usiulize kwa nini. Ndoa za watu haziulizwi. Ukimwita mmoja, mwite na wa pili, kama chanda na pete."

"Na asiye na mwenzake?"

Shemeji aliinamisha macho, akaondoa uzi usiokuwepo kwenye sketi yake. "Hao nao wapo," alisema. "Tutawafikia."

Akaendelea upesi. Si vitenzi tu, alisema, hata majina. 'Reason', yaani sababu, hufuatwa na 'for'. 'Danger', yaani hatari, hufuatwa na 'to' ikiwa kuna mtu wa kudhurika. Tena kuna vitenzi vinavyochagua jina la kutembea nalo. Kufua husema 'do the washing', lakini kosa hawalisemi kwa 'do'. Husema 'make a mistake', kama vile mtu analitengeneza.

"Kosa linatengenezwa?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Hilo nimelielewa bila shida. Wakubwa wana kiwanda chake."

Shemeji alicheka mpaka akajifuta macho, na Mzee Povu, kwa mara ya kwanza tangu tangazo libandikwe, alihisi hewa ikishuka hadi kwenye mapafu.

Ila nyumbani maneno hayakukaa kichwani. Alipolala yalitoroka, alipoamka aliyakuta yamebadilishana wenzi. 'Listen for', 'wait on', 'depend to'. Ikawa fujo kama uwanja wa ndoa zilizovunjika. Siku ya mahojiano yake ikawa inakaribia, na kila mwenzake aliyetoka ofisini kwa meneja alipita akiangalia vidole vya miguu yake. Bawabu alikuwa ameambiwa afunge virago. Mtu wa bustani vilevile.

Dawa aliipata kazini. Mashuka ya hospitali ile yalitambulishwa kwa uzi uliodarizwa kwenye pindo, na uzi huo aliushona yeye mwenyewe kwa mkono. Uzi wa bluu ulikuwa wa wodi ya wazazi. Wa njano, wodi ya watoto. Mwekundu ulikuwa wa wodi ya kutengwa, wanakolazwa wenye maradhi ya kuambukiza. Mashuka machafu yalipoteremshwa, alisimama kwenye meza ya kuchambulia akiwa na matoroli mawili. La kulia lilikwenda kwenye mashine. La kushoto lilikuwa la uzi mwekundu peke yake, nalo lilikwenda kwenye pipa la kuchemshia, yalale humo na dawa, yachemshwe asubuhi hadi mdudu asalimu amri. Mashine haikuweza kazi hiyo. Ilikuwa ikifua kwa maji vuguvugu tu tangu kipasha moto chake kilipoungua, na meneja alipoambiwa alisema wanaliangalia. Walikuwa wanaliangalia bado.

Mzee Povu akaupa kila uzi neno. Akiokota shuka lenye uzi wa njano, lazima ataje neno linalokwenda na 'to'. La bluu, linalokwenda na 'on'. Jekundu, linalokwenda na 'for'. "Listen to!" shuka likaenda. "Depend on!" likaenda. "Wait for! Reason for! Responsible for!" Hilo la mwisho shemeji alimwambia alishike kwa meno, kwa sababu lazima wangemuuliza anawajibika na nini.

Mkunjaji, aliyekuwa ng'ambo ya pili ya chumba, hakuacha kumchokoza. "Tusikilizeni, redio imefunguliwa!" Lakini alipoona mzee anaweza, naye akanogewa. Mzee akipatia, alipiga makofi. Akikosea, alizomea. Ndipo mkono ukaanza kuwa na akili zake. Shuka la jibu sahihi ukalitupa kulia, kwenye makofi. Shuka la jibu la kukosea ukalitupa kushoto, likangoje kurudiwa. Mzee Povu hakuamua hivyo. Mwanzoni alishtuka na kusahihisha: akapatia neno la uzi mwekundu, mkono ukaenda kulia, akaurudisha kushoto. Siku iliyofuata akashtuka mara chache zaidi.

Siku moja kabla ya mahojiano yake hakukosea hata neno moja. Maneno yalikuja mawili mawili, yameshikana mikono, kama wageni wanaoijua njia. Mkunjaji alipiga makofi hadi viganja vikamuwasha. "Povu umekuwa Mzungu! Kesho utatukana wakubwa kwa lugha yao!" Toroli la kulia lilijaa likafurika. La kushoto lilikuwa jepesi, na moyoni mwake alisoma wepesi ule kuwa ni ushindi. Jioni alilimwaga kwenye pipa midomo ikiendelea kucheza, akafunika, akaenda zake.

Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi. Shemeji alipita kumtengeneza kola.

"Umekula?"

"Hakishuki."

"Basi pumua. Ukikwama usiseme mambo marefu. Sema machache, yenye wenzi wao."

Shemeji alipokwisha kwenda, Mzee Povu aliingia chumba cha kufulia, akachukua mti wa kukorogea ili awashe pipa kabla hajaitwa. Akafunua kifuniko.

Ndani mlikuwa na maji ya dawa, na foronya mbili zikielea.

Alikoroga, akidhani mashuka yamezama. Mti uligonga chuma. Alikoroga tena kwa nguvu, maji yakamrukia shatini, na chuma kikalia tena kama kinamcheka. Kisha alisimama, na siku nzima ya jana ikampitia machoni: uzi mwekundu, makofi, kulia, uzi mwekundu, makofi, kulia.

"Yako wapi ya jana?" alimuuliza mkunjaji. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Ya jana? Yalikuwa yamekauka tangu alfajiri. Nimekunja, nimepeleka. Mekundu kwao, bluu kwao, njano kwao." Alimtazama. "Una nini? Mbona umekuwa kama majivu?"

"Njano umepeleka?"

"Watoto walale chini?"

Mashuka ya wagonjwa wa kutengwa na mashuka ya watoto yalikuwa yameoga maji mamoja, maji vuguvugu yasiyoua hata kiroboto, na sasa yametandikwa. Mzee Povu aliuacha mti ndani ya pipa akapanda ngazi.

Wodi ya watoto ilikuwa imetulia. Kwenye kitanda cha karibu na mlango kitoto kilikuwa kimelala kifudifudi, shavu limebanwa kwenye shuka, mdomo wazi, mate yamefanya doa dogo. Kwenye pindo, karibu na pua yake, ulikuwa uzi wa njano alioushona yeye. Mama yake alikuwa amejikunyata kitini, kichwa juu ya shuka hilohilo.

"Unatafuta nini, mzee?" Sista wa wodi alisimama mbele yake.

"Nimekuja kuchukua mashuka."

"Tumetandika sasa hivi."

"Najua. Nayataka yote."

"Mashuka hayatolewi nje ya zamu bila ruhusa ya meneja. Kampuni yenu mpya hiyo, si mimi. Sababu ni nini?"

Neno lilikuwa pale, mlangoni mwa meno. Sababu ni mimi. Lakini nyuma ya neno hilo aliuona mlango wa chumba chake, na gauni, na ncha za vidole vya mtu. Alisikia ulimi wake ukisema, "Yamebaki na sabuni. Yatawawasha."

"Sabuni?" Sista alitabasamu kwa uchovu. "Ningefurahi kuiona sabuni humu. Nenda kalete ruhusa, baba, nami nitakupa."

Aliteremka. Kila ngazi ilimwambia rudi, naye akateremka. Alijiambia atapata ruhusa kwa meneja, faraghani, baada ya mahojiano. Nani anaugua kwa asubuhi moja? Kisha akakumbuka kwamba hata yule aliyemchanganyia mkewe pengine alijiambia vivyo hivyo, akiwa na shati lililopigwa pasi. Akasimama pale ukutani, na ndipo aliposikia anaitwa.

Ofisini walikuwa wawili. Meneja, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko akili zake, na mgeni aliyetumwa na makao makuu ya kampuni, mwanamke wa makamo mwenye miwani, asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya salamu. Mahojiano yote yale ya Kiingereza, kumbe, yalikuwa ili yeye asikie.

Mzee Povu hakukaa. "Meneja, kuna jambo. Wodi ya watoto, mashuka…"

"Kwa Kiingereza, mzee," meneja alisema huku akimtabasamia mgeni.

"Ni la haraka. Nimekosea, yamechanganyika na ya kutengwa."

Tabasamu la meneja halikuondoka, lakini liliganda. "Hilo tutaongea baadaye mimi na wewe," alisema kwa sauti ya chini, bila kusogeza midomo sana. "Usiniharibie hapa. Kaa ujibu unachoulizwa."

Mgeni alimuuliza meneja jambo, meneja akacheka, akajibu kwamba mzee ana hofu kidogo. Neno 'nervous' Mzee Povu alilijua. Kisha mwanamke akamgeukia, akauliza taratibu, kwa upole, kama anayemsaidia mtu kuvuka barabara, anawajibika na nini. Ndilo swali lenyewe. "What are you responsible for?"

Alikuwa ameliandalia jibu refu, zuri, lenye mwanzo na mwisho. Lilitoweka. Kilichobaki kilikuwa kitoto kimelala kifudifudi.

"I am responsible for sheets," alisema, macho yake kwa mwanamke peke yake. "I make a mistake. Yesterday. Red sheets, sick people. I wash… together. With children." Meneja alisimama. Mzee Povu alipaza sauti, maana aliona mlango unafungwa. "Danger to children! Now they sleep. Please. Not wait for me. Not wait for him. Take the sheets!"

Mwanamke aliweka kalamu chini. Aliuliza kama ana hakika.

"I am sure," alisema. Alijua neno hilo lina mwenzake. Alimtafuta, hakumwona, akaliacha liende peke yake.

Mgeni hakumtazama tena yeye. Alimgeukia meneja na kusema maneno mafupi, na vile viatu vinavyong'aa vikakimbia. Mzee Povu hakuwahi kuviona vikikimbia.

Muda si muda mashuka yakaanza kuteremka. Ya watoto kwanza, yakiwa bado na joto, kisha ya wazazi, kisha ya kila wodi, mpaka meza ya kuchambulia haikuonekana. Hakukuwa na mwingine aliyeijua kuni ya pipa lile na kipimo cha dawa yake, kwa hiyo aliambiwa achemshe yote. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Alivua shati la mahojiano, akavaa koti la kazi. Mkunjaji alimsaidia kubeba.

"Nilikupigia makofi," alisema mwishowe.

"Mikono iliyotupa ni yangu," Mzee Povu alijibu.

Mchana shemeji aliteremka kutoka mapokezi. Alisimama mlangoni, chini ya tangazo, akisokota kitambaa mkononi.

"Watoto watachunguzwa kila siku kwa muda," alisema. "Mpaka sasa hakuna aliyeonyesha kitu."

"Mpaka sasa."

"Mpaka sasa, shemeji. Nami ningetamani kusema zaidi." Alivuta pumzi. "Yule mama wa makao makuu ameandika kwamba Kiingereza chako kinatosha. Amesema ulieleweka kuliko wote aliowahoji."

Mzee Povu alikoroga.

"Ila meza ya kuchambulia hutairudia. Ukimaliza haya, basi. Chumba ukabidhi mwezi ukiisha."

"Na meneja?"

"Ameshukuriwa. Kwa kuchukua hatua haraka."

Mkunjaji alitema cheko lisilo na furaha. Wote wawili walimtazama Mzee Povu, wakingoja povu. Lilikuwa na kila haki ya kutoka. Kipasha moto kimeungua, dawa inapimwa kwa kijiko, mtu mmoja meza nzima, halafu mkubwa anapewa asante. Hayo yote yalikuwa kweli, na yatabaki kuwa kweli. Lakini alipofungua kinywa, alichouliza kilikuwa kingine.

"Kulaumu. Neno lake lina mwenzake nani?"

Shemeji alishangaa. "'Blame'? Hilo linakwenda na 'for' na linakwenda na 'on' pia. Inategemea unaanza na mtu au na kosa."

"Wawili."

"Wawili."

"Nilidhani ni mmoja tu," alisema. Kisha, baada ya kusukuma kuni kwa mguu: "Lile gauni la dada yako, uje ulichukue wewe. Asiliondoe mtu mwingine."

Shemeji aliitikia kwa kichwa.

Alipokwenda, Mzee Povu alirudi mezani. Rundo lilikuwa bado refu. Safari hii yote yangechemshwa, mekundu na yasiyo mekundu, hivyo hakukuwa na haja ya kuchambua. Alichambua hata hivyo. Aliokota shuka moja, akalipeleka hadi dirishani penye mwanga, akalishika pindo kwa vidole viwili na kuutazama uzi kwa muda mrefu. Ulikuwa mwekundu. Midomo ilitaka kusema kitu, akaifunga. Aliutazama mkono wake hadi ulipoliachia shuka kushoto, kisha akainama kuhakikisha kwamba kweli limeangukia kushoto, na ndipo akaokota jingine.